Kompyuta ya dukani au ya kuunda mwenyewe? Niko Chake, na hela ni ya karafuu

BiSteshenari, Chake Chake

Assalaam alaykum. Naombeni ushauri kabla hela haijaniponyoka, maana hela ya karafuu haikai. Ikishajulikana tu kuwa ipo, kila jamaa ana mgonjwa.

Nna steshenari hapa Machomane, mwaka wa saba huu. Fotokopi, kuchapa barua na CV, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ni HP ya mtumba, i3 ya zamani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4, na diski ile ya kuzunguka. Asubuhi naiwasha, nafagia duka, nafuta kaunta, nakwenda kuchukua chai na mandazi, narudi, kiduara bado kinazunguka. Nishaizoea kama mtu anavyomzoea mume mvivu.

Sasa kuna kazi nyengine imeingia. Mtoto wa dada yangu anasoma SUZA, chuo kikuu kule Unguja, na likizo akija huku anapiga video za harusi. Kupiga anapiga yeye. Kuzikata na kuzipanga ananiachia mimi kwa sababu mimi ndiye nnaekaa dukani. Harusi ya Mfunguo Mosi niliiweka itoke, yaani kompyuta iiunge iwe video moja kamili, baada ya isha nikaenda zangu kulala. Asubuhi nakuta umeme ulikatika usiku, kompyuta imezima, na video iliishia asilimia 61. Bibi harusi alinipigia simu mara nne siku ile. Ile ya nne alikuwa mama yake.

Mikarafuu ya mirathi kule Mtambile mwaka huu imezaa. Wachumaji nimeshawalipa pishi zao, ndugu wameshachukua mafungu yao, na mimi nimetenga milioni moja na laki tatu. Hapo ndipo nyumba ilipogawika.

Mume wangu anasema ninunue iliyo tayari. Kuna muuzaji Darajani, Unguja, ametupa bei ya Dell OptiPlex ya mtumba, i5 kizazi cha 7, RAM 8, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) 256, na kioo cha inchi 22, yote sh. 650,000. Unachomeka, unafanya kazi, hela inabaki.

Mwanangu wa SUZA anasema hapana, tuiunde. Kaniletea orodha kwenye WhatsApp: prosesa (ule ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 5600G laki nne, mazabodi (bodi kuu ya kuchomekea vyote) ya B450 sh. 220,000, RAM 16 laki mbili, SSD ya NVMe ya GB 500 sh. 140,000, na kasha lenye pawa saplai yake ndani sh. 120,000. Kioo hakimo. Jumla 1,080,000, na anasema itakuwa mara tatu ya ile Dell.

Mimi sijawahi kufungua kompyuta hata siku moja. Nnaloogopa ni hili: yeye akisharudi skuli Unguja, kikifa kitu nani wa kunitengenezea?

KijanaJangombe

Bi mkubwa, unda! Hata usiulize mara mbili.

Ile i5 ya kizazi cha 7 ina kori 4 tu, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. 5600G ina kori 6, na kila moja inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kwa kutoa video hiyo ndiyo tafauti ya kulala na kutolala. Halafu kuna jambo muuzaji hatokwambia: Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Ya kizazi cha 7 wapo wanaoilazimisha ikaingia, lakini wewe una duka, watu wanakupa namba zao za vitambulisho na vyeti vyao. Utalazimisha mpaka lini?

Kuunda si kazi ya kutisha. Mimi yangu nimeiunda chumbani kwa saa mbili, huku nacheza taarabu. Kila waya una tundu lake na hauingii kwengine. Ni kama kupanga makabati.

FundiWete

Waalaykum salaam bibi. Huyu kijana kasema kweli, lakini kasema nusu. Nusu ya pili haijui kwa sababu yeye akikosa skrubu anapanda daladala mpaka Darajani. Wewe ukikosa skrubu unasubiri meli.

Nikuhadithie yangu ya kwanza. 2019, nimeagiza Dar, Kariakoo, vitu kimoja kimoja. Vikapita bandari ya Malindi, Unguja, vikashuka Mkoani, nikavipakata kwenye gari mpaka Wete kama mtoto mchanga. Nimetandika jamvi sebuleni, nimefunga kila kitu, nawasha: feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi. Nikavunja, nikafunga tena. Cheusi. Siku tatu, usiku nikimaliza isha narudi pale pale, mpaka mke wangu akauliza kama nimeoa ndani ya kasha. Usiku wa tatu ndio najua: prosesa niliyonunua ilikuwa Ryzen 5 2600, na hiyo haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Inataka kadi ya picha mbali. Ningewasha mpaka Kiyama isingeonesha kitu. Kadi ilinifikia baada ya siku kumi na mbili.

Kwa hiyo herufi hizi zitieni akilini. Kwa hizi Ryzen, G mwishoni maana yake picha imo. Dukani wakikwambia "5600G imekwisha, chukua 5600 ni hiyo hiyo na bei rahisi", waage. Kwa Intel ni kinyume, F mwishoni maana yake picha imeondolewa. Herufi moja, wiki mbili za meli.

La pili ni hiyo B450. Mazabodi hizo zimetoka kabla ya 5600G kuzaliwa. Kama boksi limekaa stoo muda mrefu, BIOS yake, ile programu ya ndani ya kuiwashia, haiijui hiyo prosesa, na nyingi haziwezi kusasishwa mpaka uwe na prosesa nyengine ya zamani ya kuwashia. Pemba utaipata wapi? Mwanao atazame boksi lina kibandiko cha kusema iko tayari kwa Ryzen 5000. Na hata likiwa nacho, vitu vyote viwashwe pale pale dukani, juu ya meza, bila kasha, kabla havijapanda boti. Muuzaji akikataa kuwasha, keshakujibu.

La tatu, hilo kasha lenye pawa saplai ndani yake kwa laki na ishirini. Hapo nimecheka. Hizo nimezifungua nyingi. Unaishika mkononi nyepesi kama boksi la viatu, ndani koili mbili na feni. Pawa saplai inunuliwe peke yake, ya watti 500 au 550, iliyo na uzito. Ndiyo inayosimama baina ya umeme wetu na vitu vyako vyote.

Umeme wenyewe mnaujua. Wenzetu Unguja wanaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kiza miezi mitatu. Sisi huku waya wa baharini kutoka Tanga ulitufikia 2010, na kabla yake tulikuwa na majenereta ya Wesha, leo yanawaka kesho yanakohoa. Siku hizi kukatika si kama zamani, lakini unakuja mdogo, unaruka, unazima sekunde mbili unarudi. Sekunde mbili ndizo zilizoua video yako ile, bibi, si uzee wa HP. Ungekuwa na kompyuta ya milioni tano ingezima vile vile. UPS, lile boksi la betri ya kushikilia umeme, ya 650VA haitokupa saa. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, na zile sekunde mbili hutozijua kama zilipita.

Sasa ile Dell. Sisemi mbaya. Ni chuma kilichotengenezwa kwa ofisi, nimeziona zina miaka kumi zinapiga kazi. Ubaya wake kwa mtu wa Pemba ni mmoja: pawa saplai yake si ya kawaida. Umbo lake na plagi zake ni za Dell wenyewe. Ikiungua, huwezi kutia ya dukani Chake. Unatafuta ya Dell ya aina ile ile, na unajua inatoka wapi. Ya kuunda ikiungua pawa saplai, unachukua yoyote ya ATX, yaani ya umbo la kawaida, hata ya kuazima kwa jirani, jioni unafanya kazi.

Lakini nnakuona unauliza suala moja wakati una kazi mbili. Kujaza fomu na kutoa video si kazi za mashine moja. Video ikitoka, mteja wa fomu anasubiri; mteja akikaa, video inasimama. Na hiyo HP unaitupa ya nini? Itie SSD ya SATA ya GB 240 na fimbo moja ya RAM ya mtumba, haifiki hata laki. Kabla hujafagia itakuwa imewaka. Hiyo ibaki kaunta. Hii mpya ikae nyuma, ya video peke yake, na mkiiunda muiunde bila haraka kwa sababu duka haliisubiri.

RAM naomba iwe 8 mbili, isiwe 16 moja. Picha ya 5600G inakula RAM hiyo hiyo, na fimbo mbili zinaipa njia mbili.

Na kuna waya mmoja kila mtu anausahau, mimi nishausahau mara tatu: ule wa matundu manane, pembeni juu kushoto karibu na prosesa. Ule mkubwa wa 24 hausahauliki. Huu mdogo ukisahauliwa, feni zinazunguka na kioo cheusi. Msije mkakesha.

MwalimuFuoni

Mimi nitasimama na mume wa dada, maana naona peke yake anaonewa.

Nafundisha kompyuta skuli. Tuna za mtumba za ofisi kumi na mbili, aina moja zote, na hiyo aina moja ndiyo siri. Ikifa moja naifanya vipuri vya zile kumi na moja. Pawa saplai ya Dell ni taabu kupata, kweli, lakini kama unanunua Dell mbili badala ya moja umeshanunua na kipuri chake. Kwa hela ya dada zinapatikana mbili. Dada ana duka, ana fomu, watu wamesimama kaunta. Mtu anaekuja kujaza fomu siku ya mwisho hataki hadithi ya BIOS.

Ila nnakubali kuwa ya tayari nayo ina mitego yake, na mmoja umeniingia mwenyewe. Mwanzo tuliletewa kompyuta za msaada kutoka Marekani. Nyuma, pembeni ya tundu la waya, kulikuwa na kiswichi chekundu kidogo, kimeandikwa 115. Sikukitazama. Nikachomeka, nikawasha, mbele ya darasa la Fomu II. Paaa! Moshi, harufu ya samaki aliyeungua, wanafunzi wamefika nje kabla yangu. Kiswichi kilitakiwa kivutwe kwenye 230. Sasa kila nnachokiona na kiswichi nakitazama kwanza, hata kama ni cha mtu mwengine.

Kitu chengine kwa mwenye kununua mtumba. Usiridhike na kuambiwa "SSD 256". Nenda na CrystalDiskInfo kwenye flashi, ni programu ya bure, itakwambia diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake ikoje. Nishauziwa "mpya" ina saa elfu kumi na tisa.

Na dada, hizo harusi mwanao anazipiga kwa 4K, zile picha kubwa nzito? Kama ndiyo, kabla ya kununua chochote mfundishe kutengeneza nakala ndogo za kukatia. Unakata kwenye nakala nyepesi, wakati wa kutoa programu inarudi kwenye picha halisi. Hata HP yako ingepumua.

BiSteshenari, Chake Chake

Nimesoma yote, nyengine nimesoma mara mbili kwa sauti mume wangu asikie. Hapo pa "nimeoa ndani ya kasha" kacheka mpaka kakohoa.

Mwalimu, ndiyo, 4K. Hizo nakala ndogo sikuwa nazijua, na mwanangu alikuwa anazijua hakunambia. Tumeshazungumza.

FundiWete, suala moja. Duka langu halina mbali na barabara, na upepo wa kusi ukianza kila kitu kinanata chumvi. Ya kuunda si itaoza upesi kuliko ya kiwandani?

FundiWete

Chumvi haijui nani kaifunga. Nimefungua za kiwandani kutoka nyumba za Wesha, miguu ya RAM imeota kijani. Zikianza kulia pip-pip na haziwaki, chomoa RAM, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Mara nyingi umeshapona. Kila baada ya miezi mitatu upulize vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linaloshika unyevu. Na usiizime wiki nzima ukaiacha baridi. Inayowaka kila siku inajikausha yenyewe.

KijanaJangombe

Ryzen 2600 bila kadi, siku tatu 😂😂 Fundi nisamehe, nimecheka kwenye boda.

FundiWete

Cheka yakhe. Na wewe utaoa.

BiSteshenari, Chake Chake

Wiki tano zimepita, nnarudi kutoa taarifa kwa sababu sipendi mtu anaeuliza halafu anapotea.

HP kwanza. SSD 240 na RAM ya mtumba, sh. 85,000 na ufundi. Siku ya kwanza nimewasha, nimekamata ufagio, imenipigia kengele ya Windows kabla sijafika mlangoni. Kwa muda nimesimama na ufagio sijui nifanye nini. Mteja wa kwanza wa fomu kaondoka saa mbili na robo asubuhi.

Ya kuunda imezidi hesabu. RAM zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025. Muuzaji anasema viwanda vinapeleka chipu zao kwenye akili bandia, mimi sijui nawadai nani. Zile 8 mbili zimekula laki moja na kitu zaidi ya orodha. Pawa saplai tumenunua mbali kama alivyosema Fundi, mwanangu anasema alikuwa anazipima mkononi moja moja mpaka mwenye duka akamuuliza kama ananunua nyanya. Mazabodi tumepata yenye kibandiko, na walikubali kuwasha juu ya meza, amenirekodia video naona maandishi yanatoka. UPS nimeinunua kwa hela ya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Kioo sikununua, tumechukua TV ya sebuleni ya inchi 32, kwa masharti ambayo nimeandikiwa: siku ya mpira inarudi nyumbani.

Tumeifunga usiku baada ya isha kwenye meza ya kulia, mwanangu, mimi, na binti yangu wa darasa la saba ameshika tochi ya simu kwa sababu umeme, bila shaka, ulikatika. Prosesa aliitia yeye, mimi nilifumba macho. RAM nimezitia mimi. Unabonyeza, unaogopa utavunja, unabonyeza zaidi, halafu ta! Ya pili nimeitia bila kuogopa.

Umeme umerudi, tumewasha. Feni zinazunguka. Taa inawaka. TV nyeusi.

Mwanangu kageuka rangi. Kaanza kusema labda muuzaji kambadilishia prosesa, labda mazabodi imekufa baharini, labda turudishe. Kashaanza kufungua skrubu. Mimi nikamwambia, hebu ngoja, pembeni juu kushoto pana nini? Kamulika. Tundu la matundu manane liko wazi, na waya wake umejikunja nyuma ya kasha kama nyoka aliyelala. Nimeuchomeka mimi mwenyewe. Hakusema kitu mpaka daku.

Juzi nimetoa harusi nzima ya Mkoani, saa mbili na dakika hamsini za video, kabla muadhini hajaadhini laasiri. Katikati umeme umeruka mara moja. UPS imelia pi, nami nimeendelea kukata karatasi za pasipoti.

Suala langu la mwisho. Tumemaliza kufunga, na mezani kumebaki kijiguu kimoja cha shaba, kile cha kuinulia mazabodi. Mwanangu anasema ni cha ziada. Nimekitia kwenye kopo la pini lakini kila nikiliona nawaza. Kinaogopesha?

FundiWete

Kikiwa kwenye kopo, hakina neno. Kingekuwa chini ya mazabodi mahala pasipo tundu lake ndio tungezungumza mengine. Kiweke, usikitupe. Mimi nna kumi na sita.